Likizo Tuliyomwacha Mbithe

Jumapili jioni huwa ni kazi yangu kupaka viatu vya watoto rangi, tayari kwa shule. Majuzi nilifungua mkebe mpya wa rangi nyeusi, harufu ikanipiga puani, na kabla sijajijua nilikuwa nimekaa chini kwenye simiti, brashi mkononi, machozi yananichuruzika. Mwanangu mdogo akanitazama. "Mum, unalia nini?" Nikamwambia rangi imeniingia jichoni. Uongo mtupu. Harufu ile ni ya nyumba ya shangazi yangu Syombua, kule Mombasa. Mumewe alikuwa mchongaji, anachonga twiga na vifaru vya kuwauzia watalii, na mti ukiwa mweupe aliupaka rangi ya viatu na kuusugua mpaka ukafanana na mpingo. Nyumba nzima ilinuka rangi ya viatu. Ndani ya nyumba hiyo ndimo tulimomwacha mdogo wangu, Mbithe.

Nisiwazungushe. Tulikwenda likizo watu wanne, Baba, Mama, mimi na Mbithe, tukarudi watatu. Hakufa maji, hakuibwa, hakupotea sokoni. Alipeanwa. Mimi nilikuwa darasa la tatu, na yote niliyaona kwa macho yangu haya, lakini sikuelewa hata moja mpaka treni ilipoanza kuondoka.

Ninyi mliokulia Eastlands, Nairobi, enzi zetu mnajua likizo ilikuwa nini. Ilikuwa ni kupelekwa ushago, kijijini, ukachote maji na punda, ukapure maharagwe, urudi umebabuka uso na miguu imejaa miiba. Mombasa ilikuwa ya watoto wa Buruburu, wale ambao baba zao walivaa tai na kununua friji. Sisi tulikaa Jericho, nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, na Baba aliendesha lori la kiwanda huko Industrial Area. Bahari tuliisikia redioni tu. Kwa hiyo Baba aliposema mezani kwamba Agosti tunakwenda Mombasa kwa Anti Syombua, nilitoka nje mbio hata mikono sijanawa.

"Tunaenda Mombasa!"

"Wacha kuringa, Ndunge," akasema Atieno, rafiki yangu wa mlango wa pili. "Mombasa gani?"

"Ile ya bahari. Kisiwani."

"Mwongo wewe! Apa!"

Nikalamba kidole, nikakipitisha shingoni, nikaapa. Kufikia jioni laini yetu yote ya nyumba ilikuwa na habari, na mamake Atieno alikuwa ameshaleta chupa tupu tumtekee maji ya bahari ya kukandia miguu yake, ambayo ilikuwa ikifura kila jioni. Nilijiona mtu wa maana sana. Wiki hiyo hata kamba sikuruka na watoto wa laini ya chini, wasije wakanizoea.

Mama ndiye hakusherehekea. Hilo niliona. Jumamosi alikwenda soko la Gikomba, akarudi na marinda mazuri, sweta, na viatu vya ngozi vyenye kifungo. Vyote vya Mbithe. Mimi hata soksi.

"Na mimi je?"

"Wewe una nguo."

"Hata yeye ana nguo! Ana zangu!"

Siku nyingine yoyote kwa mdomo ule ningeonja mwiko. Siku hiyo Mama aliketi kitandani akaanza kuyakunja yale marinda, anayakunja, anayakunjua, anayakunja tena. Kisha akayapanga katika sanduku dogo la bati, peke yake, bila kuchanganya na nguo zetu. Mimi nikahitimisha jambo moja tu, kwamba Mama anampenda Mbithe kuliko mimi. Nikanuna mpaka siku ya safari.

Ukweli nilikuja kuupata kidogo kidogo, nikiwa msichana mkubwa, mwingine kutoka kwa Mama, mwingine kutoka kwa Baba mwenyewe alipokuwa amezeeka. Mama yake Baba alifariki Baba akiwa bado ananyonya. Aliyembeba mgongoni ni Syombua, dada yake, ambaye aliacha shule kwa ajili hiyo na hakurudi tena. Syombua alipoolewa akaenda Mombasa, miaka ikapita, mtoto hakupatikana. Mama mkwe wake alikuwa ameanza kusema waziwazi, hata kanisani, kwamba mwanawe atafutiwe mke mwingine. Na watu wa kwetu Ukambani walikuwa na imani yao, kwamba mwanamke asiyezaa akipewa mtoto wa damu yake amlee, tumbo lake hufunguka. Anti akamwomba Baba mtoto. Akamtaja Mbithe, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshaanza shule na yeye bado.

Baba angemkataliaje? Walikubaliana kwamba Mbithe atakaa huko mpaka Anti apate wake, kisha arudi nyumbani. Mama aliambiwa mambo yakiwa yameiva. Alichoachiwa kuamua ni nguo gani mtoto aende nazo.

Mbithe alikuwa na miaka mitano, meno ya mbele hana, na mdomo wake haukupumzika. Alilala nami kitanda kimoja, na hakuweza kupata usingizi bila kunishika sikio. Sikio langu la kushoto lilikuwa lake. Nilimchapa mara ngapi kwa sababu hiyo, na bado nikishtuka asubuhi nakuta vidole vyake hapo hapo. Ndani ya treni aliketi dirishani, tena bila kuulizwa, na Baba akamnunulia soda nzima peke yake. Mimi nikagawiwa nusu na Mama. Mnaona? Kila kitu kilikuwa kinaniambia, na mimi nilikuwa nahesabu soda.

Mwalimu wetu alikuwa ametufundisha kwamba kisiwa ni nchi kavu iliyozungukwa na maji pande zote. Kwa hiyo nilitarajia kitu kama karai linaloelea. Nilimwonya Mbithe kabisa asirukeruke tukifika, tusije tukapinduka. Asubuhi tuliposhuka stesheni nikaona lami, mbuzi, maduka, na vibanda vya mabati kama vya kwetu.

"Kisiwa kiko wapi?" nikamuuliza Anko, mume wa Anti, aliyekuja kutupokea.

"Umekikanyaga."

"Hiki?"

Anko akacheka mpaka akainama. Alikuwa mtu mpole, mwenye mikono iliyojaa makovu ya tezo, na tangu dakika ile ya kwanza alimbeba Mbithe begani akawa hamshushi. Mbithe naye, msaliti mdogo, akamshika kichwa kwa mikono miwili na kuanza kumweleza habari za paka wa Jericho.

Walikuwa na chumba na sebule huko Majengo. Anti Syombua alikuwa mrefu, mwembamba, na alikuwa na uso wa Baba kabisa, ila bila masharubu. Alitukumbatia sote, lakini alipofika kwa Mbithe alipiga magoti chini, juu ya vumbi la mbao, akamtazama tu. Hakumgusa. Ni Mbithe aliyemgusa yeye. "Anti, mbona unalia na sisi tumefika?"

Siku ya pili tulikuwa barazani, Mama anasuka nywele zangu, jirani mmoja akapita na ndoo yake ya maji. Mwanamke mnene, mcheshi, mwenye leso mbili. Akamwita Anti kwa sauti, "Mama Mbithe! Looh, mwanao kafika! Kafanana nawe hasa!"

Nikadhani watu wa Mombasa hawajui watu. Nikamsahihisha, tena kwa adabu. "Si mama yake, huyo ni anti yetu. Mama Mbithe ni huyu. Na kwa kweli huitwa Mama Ndunge, kwa sababu mimi ndiye wa kwanza."

Jirani akamtazama Anti, akamtazama Mama. Ndoo ikamwagika kidogo. Mkono wa Mama ulikuwa ndani ya nywele zangu na uliacha kusuka. Nikasubiri aseme, aniunge mkono, mbona ni jambo la wazi?

"Ndunge," akasema, "wakubwa wakiongea nyamaza."

Sikuelewa kosa langu. Kwetu mwanamke huitwa kwa mtoto wake, hata leo, kuanzia sokoni mpaka kanisani. Anti alikuwa ameishi pale miaka yote hiyo akiitwa Syombua tu, kama msichana, wakati wenzake wote ni mama fulani na mama fulani. Ninavyojua sasa, wiki mbili kabla hatujafika alikuwa ameshawatangazia majirani jina lake jipya. Sina nguvu za kumlaumu. Lakini Mama alisikia jina la mtoto wake likivaliwa na mwanamke mwingine mchana kweupe, na akanyamaza kwa sababu alikuwa ameahidi kunyamaza, na nywele zangu siku hiyo alizikaza mpaka nikashindwa kufumba macho.

Kisha bahari. Nitasema ukweli, sijawahi kuona siku nzuri kama ile, na ndiyo inayoniuma zaidi. Tulivuka kwa feri mpaka Likoni, tukatembea, na ghafla miti ikaisha. Mimi na Mbithe tulisimama. Halafu Mbithe akauliza, "Nani ameacha bomba wazi?" Baba akacheka. Baba yangu, aliyerudi kazini kila siku amefunga uso, akakunja suruali mpaka magotini, akamshika mmoja huku na mwingine huku, akatuingiza majini tunapiga mayowe. Maji yalikuwa ya moto! Nilikuwa nimedhani yatakuwa baridi kama ya mfereji wa Jericho asubuhi. Nikayaonja, nikayatema, Mbithe akayaonja, akayatema, akarudia tena ili ahakikishe. Tulijenga nyumba ya mchanga, Anko akatuchongea milango kwa kifuu. Tukala mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, Mbithe akalia kwa pilipili na bado akanyoosha mkono aongezwe.

Mama hakuingia majini. Aliketi kivulini na Anti, na kila Mbithe alipotoka alimkamata, akamkausha, akampakata. Mbithe anajinyonganyonga anataka kurudi, Mama hamwachilii. Anaweka pua yake kwenye utosi wa mtoto na kuvuta pumzi, muda mrefu. Nilikwenda kunywa maji nikawasikia.

"Maziwa hanywi yakiwa na utando," Mama alikuwa akisema. "Utoe kwanza."

"Nitautoa."

"Akiamka usiku usimwashie taa. Mwimbie tu, au mpe sikio lako ashike."

"Sikio?"

"Sikio, ndiyo. Ndivyo anavyolala. Na ngurumo anaziogopa."

"Huku ngurumo ni chache, Mama Ndunge."

"Hata zikiwa chache."

Anti akamshika Mama mkono. "Nitakurudishia. Mungu anaona. Nikipata wangu tu, nitakuletea mwenyewe mpaka mlangoni."

Mama akaitikia kwa kichwa. Mimi nikaona Anti ni mbea, anataka kujua mambo yote ya nyumba yetu. Nikajaza chupa ya mamake Atieno maji ya bahari, nikarudi kucheza.

Siku ya kuondoka, baada ya chakula cha mchana, Anko alimwambia Mbithe, "Twende karakana nikakuchongee ndovu. Wako mwenyewe, mwenye mkonga." Mbithe hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alivaa vile viatu vyake vya kifungo, kulia kushoto na kushoto kulia, akashika kidole cha Anko, wakaondoka. Hata hakugeuka. Angegeuka kwa nini? Alikuwa anakwenda kuchongewa ndovu.

Nilitaka kwenda pia. Baba akanizuia. "Wewe tusaidie mizigo."

"Si watachelewa treni?"

"Hawatachelewa."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amekatazwa kumuaga. Baba alimwambia kwa Kikamba, polepole, nami nikasikia: mtoto akiona unalia, hatakaa. Basi Mama hakulia. Alimtazama Mbithe mpaka kona, na kona ilipomficha, akaendelea kuitazama ile kona.

Stesheni nilikaa juu ya mzigo, macho langoni. Kila mwanamume aliyeingia na mtoto, nilisimama. Kengele ikapigwa. Tukapanda. Nikakimbilia dirisha, nikatoa kichwa nje. Treni ikapiga kelele, ikajivuta, jukwaa likaanza kurudi nyuma, na Anko hayupo, na Mbithe hayupo.

"Baba! Mbithe ameachwa!"

"Keti chini, Ndunge."

"Baba, ameachwa! Simamisheni! Simamisheni gari, mdogo wangu amebaki!"

Nilipiga mayowe mpaka behewa zima likasimama wima. Mzee mmoja akaanza kuutafuta mnyororo wa hatari. Wanawake wakasema, "Uui, mtoto amepotea! Nyinyi ni wazazi gani?" Mkagua tiketi akaja mbio, kofia imemkaa upande. Akamwona Baba amenishika kiuno, mimi narusha mateke. Akamgeukia Mama.

"Mama, kuna mtoto wako amebaki nje?"

Watu wote wakageuka kumsikiliza. Baba naye akamtazama. Mama alikuwa ameshika chupa ya mamake Atieno mapajani kwa mikono miwili.

"Hapana," akasema. "Mtoto wangu ni huyu tu."

Nikaacha kurusha mateke. Mkagua tiketi akatikisa kichwa, akaenda zake, na yule mzee akaketi. Mimi nilimtazama mama yangu na nikamwogopa, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, kwa sababu nilidhani mwanamke anaweza kusema neno moja na mtoto akafutika. Sasa mimi mwenyewe ni mama na najua neno lile lilimtoka wapi. Lakini wakati ule nilijikunja kwenye kona ya kiti na kushika sikio langu mwenyewe.

Jericho, mamake Atieno alitupokea mlangoni. "Karibuni watalii! Na yule kasuku wangu yuko wapi?"

Mama akampa chupa yake. "Amebaki kwa shangazi yake kidogo."

"Kidogo," akarudia mamake Atieno, akamtazama Mama vizuri, na hakuuliza tena. Jioni hiyo alituletea ugali na samaki, akakaa na Mama jikoni.

Tangu hapo mimi na Mama tulikuwa na ombi moja. Kila jioni tulipiga magoti na kumwombea Anti Syombua tumbo. Hebu fikirieni, mtoto wa darasa la tatu, hajui watoto hutoka wapi, anamng'ang'ania Mungu ampe mtu mimba. Baba akisikia hutoka nje. Zilikuja salamu kwamba Mbithe ameanza shule, kwamba ameota meno, kwamba anajua kuogelea. Habari za tumbo hazikuja. Krismasi ikapita, na nyingine, na nyingine. Mama aliacha kutaja lini. Kuomba hakuacha.

Nilikuwa darasa la sita Anti alipoandika kwamba wanakuja Krismasi. Mama alipaka chokaa ukuta kwa mikono yake. Alichinja jogoo ambaye tulikuwa tumemfuga kwa ajili ya mwaka mpya. Na waliposhuka pale nje, jicho langu halikwenda kwa Mbithe kwanza, lilikwenda kwenye tumbo la Anti. Lilikuwa limejaa! Gauni limevutika kabisa! Nikamkimbilia Mama jikoni, nikamnong'oneza, "Mama, Anti ana mimba! Mbithe anarudi!"

Mama akachungulia dirishani. Alimtazama Anti akitembea, akamtazama kwa makini, kama wanawake wanavyotazamana. Kisha akarudi kwenye sufuria.

"Amenenepa tu," akasema. "Ni raha."

Mbithe alisimama mlangoni, akapiga hodi. Msichana mrefu, mkimya, nywele zimesukwa vizuri, mgongo umenyooka, anatutazama kwa macho ya mgeni. Akamwendea Mama, akampa mkono, akainamisha kichwa kama walivyomfundisha huko. "Shikamoo, Anti."

Sisi wa Jericho hatukuwa watu wa shikamoo. "Marahaba," akasema Mama hatimaye, bila kuuachilia ule mkono, mpaka Mbithe mwenyewe akautoa taratibu.

Tukaketi mezani, Baba akaombea chakula. Mbithe alikula kwa adabu, anasema tafadhali, anasema ahsante. Wakubwa waliongea habari za mvua. Katikati ya chakula mfupa ulimkwama kidogo, akakohoa, akaita, "Mama!"

"Ee, mwanangu!" Mama akaitika. Alikuwa ameshainuka.

Na Anti Syombua naye alikuwa ameitika, sauti moja na yake. Wote wawili walikuwa wamesimama.

Mbithe aliwatazama, akameza, mfupa ukapita. Aliona haya kwa ajili ya mwenyeji wake. Akamwambia Mama kwa upole kabisa, "Si wewe, Anti. Namwita mama, nataka maji."

Baba akatazama sahani yake. Anti Syombua machozi yakamdondoka kwenye wali. Mama alibaki amesimama, mkono juu ya meza.

"Ee," akasema. "Nilidhani ni mimi. Mamako huyo hapo."

Kisha akaenda kabatini, akatoa glasi ya wageni, ile ambayo mimi sikuruhusiwa hata kuiosha. Akaimiminia maji mpaka juu, akazunguka meza nzima, akamwekea mbele yake kwa mikono miwili.

"Ahsante, Anti," akasema Mbithe.

"Karibu," akasema Mama. "Jisikie nyumbani."